Malkia Muhumusa na Maji Yasiyozuia Risasi

Mgeni afikaye Kisangani huonyeshwa kwanza maporomoko ya Wagenia. Hapo mto Kongo, baada ya kushuka ngazi saba za Boyoma katika mwendo wa kilomita 100 hivi tangu Ubundu, hutulia na kuanza kubeba meli hadi Kinshasa. Wavuvi wamesimika miti mikubwa katika mawe, wakaifunga kwa kamba za msituni, na migono yao yaning'inia katika povu la maji.

Mapema mwaka 1877 Stanley aliteremka kwa mto huu, na mara nyingi watu wa kandokando walitoka kwa mitumbwi na mikuki kumzuia. Mwaka 1883 alirudi, akaweka kituo kisiwani. Na mji uliokua hapo ukaitwa Stanleyville hadi mwaka 1966. Jina la msafiri liliandikwa katika ramani zote. Majina ya wale waliomzuia hayakuandikwa.

Watoto wa shule wakisikia habari hizi huuliza upesi: Je, sisi hatukuwa na mashujaa? Na wasichana huongeza: Wala mwanamke hata mmoja? Ndugu wasomaji, walikuwako. Ili tumfikie mmoja wao, na tufungue ramani tuifuate njia itokayo Kisangani kwenda mashariki: Bafwasende, Nia-Nia, Mambasa, Komanda hadi Beni, kisha twageuka kusini, Butembo na Rutshuru. Msitu wa Ituri umebaki nyuma, milima imeanza, hewa ni ya baridi. Vita vya miaka hii vimeifanya njia hiyo kuwa njia ya machozi, lakini kwa kidole juu ya ramani twaweza kuipita. Ng'ambo ya mpaka wa Uganda ni Kigezi, nchi ya Wakiga. Huko ndiko alikopigana Malkia Muhumusa.

Muhumusa alijulikana kuwa mjane wa Rwabugiri, mfalme mkuu wa Rwanda aliyefariki mwaka 1895. Mwaka uliofuata damu ilimwagika katika ugomvi wa kiti, na Musinga akatawazwa. Muhumusa alikimbilia kaskazini akidai kwamba mwanawe ndiye mrithi wa haki. Wadachi waliokuwa wakimtegemeza Musinga walimwona kuwa hatari, wakamkamata na kumweka kizuizini Bukoba.

Alipotoka alikuta nchi imegawanywa. Mwaka 1910 Waingereza, Wadachi na Wabelgiji walikuwa wamekutana Brussels wakapiga mistari ya mipaka katika milima ile, na mwenyeji hakuulizwa. Wakiga, watu wasiozoea kuwa na mfalme, walianza kuletewa mawakala wa Kiganda kuwaamuru kwa niaba ya Waingereza. Basi Muhumusa alipowaita, walimfuata. Alisema kwa jina la Nyabingi, roho iliyoheshimiwa na kuogopwa katika nchi hizo. Alitangaza kwamba atawafukuza Wazungu, akawatisha wakubwa wa nchi waliowatumikia, na akawaahidi watu wake kwamba risasi za Wazungu zitageuka maji.

Tarehe 28 Septemba 1911 askari wa Waingereza waliishambulia ngome yake huko Ihanja. Risasi hazikugeuka maji. Wafuasi wake wengi walianguka. Yeye mwenyewe alijeruhiwa mguuni, akakamatwa. Alipelekwa Kampala, asiruhusiwe tena kurudi kwao, akafa huko mwaka 1945 baada ya miaka 34 ya kifungo. Mwaka 1912 serikali ya Uganda ilitunga sheria ya uchawi, na sheria hiyo ilitumiwa juu ya watu wa Nyabingi. Tuangalie hila hiyo: mtu akiisha kuitwa mchawi, hakuna tena haja ya kumjibu lalamiko lake. Lakini lalamiko halikufa. Mwaka 1917 Nyakishenyi iliwaka, na mwaka 1928 Kigezi ilitikisika tena. Hata ng'ambo ya bahari, katika kisiwa cha Jamaica, Warasta huita mikutano yao ya ngoma na sala kwa jina la Nyabingi.

Sasa turudi Kisangani, kwa maana ahadi ya Muhumusa imekwisha kufika katika mji huu. Agosti 1964 Wasimba waliuteka. Wengi wao walikuwa vijana, hata watoto, walionyunyiziwa maji ya dawa, nao waliingia vitani wakipaza sauti, «Mai Mulele!», wakisadiki kwamba risasi zitakuwa maji. Walikuwa na malalamiko ya kweli: uhuru ulikuwa umewaletea wachache magari, na wengi njaa. Lakini maji hayakuwazuilia risasi, na kabla mwaka haujaisha watu wengi, wenye silaha na wasio na silaha, weusi na weupe, walikuwa wamekwisha kufa. Na hata leo, mashariki mwa nchi yetu, vikundi vyenye jina la Mai-Mai huwaita vijana kutoka madarasani.

Basi tuwajibuje watoto wetu? Tuwaambie kweli yote. Muhumusa hakuwa mchawi wa kuchekwa. Alikuwa mama aliyekataa nchi igawanywe pasipo wenyewe, na ushujaa huo wastahili kukumbukwa katika kila shule. Lakini tuwaambie pia kwamba watu walioanguka Ihanja walikuwa na mama zao, na kwamba ahadi waliyopewa haikuwa ya kweli. Haki ya lalamiko haiifanyi kila ahadi kuwa kweli. Kijana akijiwa na mtu mwenye kibuyu cha maji, na aulize kwanza: Je, wewe mwenyewe utasimama mbele, na watoto wako je?

Wahenga walisema, ahadi ni deni. Deni la maji haya, toka Ihanja hadi Kisangani, halikulipwa na walioahidi peke yao. Lililipwa zaidi na watoto wa watu.