Karo Iliyogeuka Matairi

Siku niliyomwambia Baba kwamba sirudi chuo, alikuwa amelala chini ya pikapu. Niliongea na miguu yake. Nilikuwa nimefanya mazoezi ya hiyo hotuba kwenye matatu yote mpaka Matete: mwaka wa tatu, kozi nisiyoitaka, na kwamba ningeandika. Spana ikaanguka. Kimya. Kisha sauti ikauliza kutoka chini, "Kwa hivyo zile elfu 90?"

Elfu 90 ilikuwa karo aliyokuwa ameniwekea. Nikamwambia, ni zako, Mzee. Akatoka polepole, akapangusa mikono na kile kitambaa chake ambacho ni kichafu kuliko mikono yenyewe, akaangalia tairi la nyuma. Lilikuwa kipara kabisa, ungeweza kujiona.

"Basi tafuta matairi," akasema. "Wewe ndiye umesoma."

Sijui kama alikuwa ananikejeli. Hadi leo sijawahi kumuuliza.

Pikapu yetu ni Hilux ya miaka ya 90, ya viti vya mbele pekee, inayovuta magurudumu yote manne, yenye springi za vyuma vilivyopangwa kama rundo la madaftari, mbele na nyuma. Ndiyo iliyonipeleka sekondari na sanduku langu. Ndiyo hubeba mahindi, mbolea, viti vya matanga, majeneza, na wamama walioshikwa na uchungu usiku wakati boda haiwezi kupita. Kama hujawahi kuona barabara zetu mwezi wa nne mvua ikishika, jua tu kwamba udongo mwekundu ukiloa juu huku chini bado ni mgumu, unakuwa kama sabuni iliyopakwa kwenye sahani. Unaweza kusimamisha gari, ukazima injini, na likaendelea kuondoka.

Sasa mimi nikaingia YouTube.

Kama umewahi kuzama kwenye video za watu wa Australia na Marekani wanaoinua magari yao, unajua ule ulevi. Matairi mapana yenye meno kama mihogo, gari limesimama juu kama ndama aliyezaliwa jana, muziki unapiga, jamaa anavuka mto. Nilijifunza kwamba kuna matairi ya lami, ya mchanganyiko na ya matope, ambayo wao huyaita HT, AT na MT. Nilijifunza kusoma ubavu wa tairi, na hilo angalau lilinifaa. Zile tarakimu nne mwishoni mwa msimbo unaoanza na DOT ni wiki na mwaka: 3519 ina maana tairi lilitengenezwa wiki ya 35 ya mwaka wa 2019. Wauzaji wa matairi ya mtumba kutoka Japan hawapendi ukiinama kuziangalia. Tairi linaweza kuwa na meno yote na bado mpira umezeeka, umekauka, una nyufa ndogondogo kama kisigino cha Januari. Halafu kuna namba ya mzigo: 104 ni kilo 900 kwa tairi moja, 110 ni kilo 1,060, na kadhalika. Ukiona namba mbili zimetenganishwa na mkwaju, ya kwanza ni ya tairi likiwa peke yake, ya pili ni yakiwa mawili mawili upande mmoja kama ya lori.

Haya yote niliyajua. Nikakosea vilevile.

Gari lilikuwa na 205R16, jembamba, la kizamani. Nikachagua 265/70R16, AT, meno mazuri, namba ya mzigo 112. Kwenye karatasi lilishinda kwa kila kitu. Lakini rimu za zamani zilikuwa finyu mno kwa tairi pana hivyo, kwa hiyo nikanunua na rimu za mtumba, zile zinazosukuma gurudumu nje ya madigadi. Elfu 70 matairi, elfu 20 rimu. Karo yote, shilingi kwa shilingi. Niliona kama ishara.

Gari lilipendeza, siwadanganyi. Vijana wa stendi walipiga picha. Baba alilizunguka mara mbili, akagusa tairi, akasema, "Ni pana." Nikamwambia ndiyo, ndiyo maana halitazama. Akaniangalia. "Kwani shida yetu ni kuzama?"

Hilo swali ndilo lilikuwa somo lote, na nililipita kama bango la kampeni.

Tairi pana husaidia pale ambapo ardhi ni laini hadi chini, kama mchangani: unapunguza upepo, tairi linatandaza mguu, unaelea. Kwetu hutaki kuelea. Unataka tairi likate ile sabuni ya juu lifike kwenye udongo mgumu. Angalia Land Cruiser za kazi, zile za polisi na za mashirika: nyingi zimevaa 7.50R16, tairi jembamba na refu ambalo hakuna mtu wa Instagram atalipiga picha. Hata kwenye mashindano ya dunia ya magari, kule Sweden madereva huvaa matairi membamba sana yenye misumari ili yapasue theluji na kuuma barafu iliyo chini. Mimi nilikuwa nimeangalia Safari Rally ya 2021 iliporudi Naivasha kama mashindano ya dunia, nikamwona Ogier akishinda kwenye vumbi, na nilichokumbuka ni vumbi tu.

Na kuinuka je? Hilo pia lilinichekesha baadaye. Tairi la zamani lilikuwa na kipenyo cha kama sentimita 74, jipya karibu 78. Lakini gari hupanda kwa nusu tu ya tofauti hiyo, kwa sababu nusu nyingine iko juu ya ekseli. Elfu 90, na tulikuwa tumepanda chini ya sentimita 2. Juu ya hapo geji ya spidi ikaanza kudanganya, ikisema 80 wakati tunaenda kama 84, na gia ya pili ikawa inalia kwenye milima iliyokuwa ikiipanda bila maneno.

Baba naye alikuwa na wazo lake. Tangu nikiwa mdogo pikapu ikipakia ilikuwa inakaa kitako, taa zinamulika wapita njia wa angani. Hilux hii ni gari la tani moja. Magunia 11 ya kilo 90 ni kilo 990, hesabu imeisha hapo. Sisi tulibeba 16, wakati mwingine 18. Kwa hiyo mavuno ya mahindi yalipolipa, akampelekea fundi akaongeza springi mbili kila upande nyuma. Gari tupu likawa limeinua mkia kama bata, na ukipanda bila mzigo meno yako yanagongana. Lakini lilipopakiwa lilikaa sawa, bapa kama meza. Baba alifurahi mno. Nilifurahi pia. Hakuna hata mmoja wetu aliyejua kwamba springi hubeba mzigo kwa niaba ya springi peke yake: ekseli ni ileile, chasi ni ileile, beringi ni zilezile (na zangu sasa zilikuwa na rimu zinazozivuta nje), na breki ni zilezile.

Breki hazikuwa hata zilezile. Hapo ndipo nataka unisikilize, kama nyumbani kwenu kuna pikapu.

Chini ya hizi Hilux, nyuma, kuna fito moja nyembamba ya chuma. Upande mmoja imeshikwa na ekseli, upande mwingine inaingia kwenye valvu ndogo iliyo kwenye chasi. Kazi yake ni kupima mzigo. Gari likipakiwa, chasi inashuka karibu na ekseli, fito inasukumwa, valvu inaruhusu nguvu zaidi ya breki iende magurudumu ya nyuma. Gari likiwa tupu, chasi iko juu, valvu inabana, ili magurudumu ya nyuma yasifunge yakateleza. Kitu cha akili sana. Sasa wewe ongeza springi mbili. Chasi inakataa kushuka. Una magunia 16 mgongoni na ile fito inaiambia valvu: tupu, tupu, tupu. Breki za nyuma zinafanya kazi kidogo tu, na mbele inabeba kila kitu.

Ilikuwa mwezi wa tano, wiki ambayo shule zinafunguliwa na kila mtu anauza mahindi aliyobakisha. Tulikuwa tunapeleka magunia 16 Webuye. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri. Baba anaendesha, mimi kando yake, na taniboi wetu juu ya magunia, kijana wa jirani tuliyecheza naye mpira tukiwa wadogo. Tulipoanza kuteremka kuelekea mtoni Baba aligusa breki, kawaida tu, kama alivyogusa kwenye huo mteremko miaka 20. Magurudumu ya mbele yakafunga. Matairi yangu mapana yakapanda juu ya ile sabuni yakakaa hapo. Baba akageuza usukani, gari halikugeuka. Hatukuwa tunaenda kasi. Hicho ndicho kitu sijawahi kuweza kueleza vizuri. Tulienda polepole, kwa heshima, moja kwa moja hadi kwenye mtaro, na gari likalala ubavu.

Nakumbuka Baba akiniambia, "Zima," na mimi ninatafuta funguo upande ambao haukuwepo tena.

Taniboi aliruka, au alirushwa. Gunia moja lilimwangukia mguuni. Lilikuwa la mahindi ya mama yake.

Mguu ulivunjika mara mbili chini ya goti. Tulimbeba kwenye pikapu ya mtu mwingine, yenye matairi membamba yaliyokwisha, iliyopita hapo tulipoanguka bila hata kutikisika. Baba aliuza mtamba mmoja kwa ajili ya hospitali, kisha wa pili. Kijana alikaa miezi na vyuma. Leo anatembea, anachechemea mvua ikikaribia. Nikienda kwao mama yake hunipa chai na haongelei jambo hilo, na mimi huinywa ikiwa moto sana ili niwe na sababu ya kutoongea.

Nilingoja Baba anilaumu. Hakunilaumu. Naye, nadhani, alikuwa akingoja nimlaumu kwa springi. Tulikaa hivyo wiki nzima, wanaume wawili wanapitishiana chumvi.

Aliyetuambia ukweli ni fundi mmoja mzee pale Webuye, tulipopeleka gari kunyooshwa. Aliingia chini na tochi ya simu, akakaa kidogo, akaniita niingie pia. Akaishika ile fito akaitikisa. "Hii nani aliisahau?" Akanieleza yote niliyokueleza hapo juu, kwa maneno machache kuliko yangu. Akasema kuinua gari si dhambi, ila ukiinua nyuma kwa sentimita 4, pale fito inaposhikwa lazima pasogezwe kiasi hichohicho, ili pembe yake ibaki kama kiwandani. Ni kipande cha bamba na bolti mbili. Kazi ya saa moja.

Nilimuuliza kuhusu matairi. Akayaangalia, akatabasamu kwa adabu. "Ni mazuri ya lami," akasema.

Tuliyauza kwa hasara, pamoja na rimu, kwa kijana mwenye gari la kutembelea. Tukarudi kwenye 205R16, mapya, msimbo wa mwaka huo huo, yenye meno ya wastani. Fundi alitoa springi moja kati ya mbili kila upande, akabadilisha shoki za nyuma ambazo zilikuwa zimekufa kitambo (tungeanza na hizo, gari lingetulia na karo ingebaki), akabadilisha bushi, akasogeza fito. Upepo sasa tunaupima: juu kidogo tukipakia, tunaushusha tukirudi tupu. Baba alinunua geji yake, anaiweka kwenye mfuko wa shati karibu na kalamu.

Magunia tulikubaliana ni 11. Kwa kweli huwa 12, wakati mwingine 13 kama ni ya mtu wa familia, na katika familia yetu kila mtu ni wa familia. Lakini hakuna mtu anayekaa juu. Taniboi wa sasa anakaa mbele, na mimi nikiwepo tunabanana watatu, goti langu kwenye gia.

Nimeandika mambo mengi tangu nitoke chuo. Mengine yamelipwa, mengi hayajalipwa. Wiki jana Baba alinipigia simu wakati natafuta mwisho wa makala nyingine kabisa. Anataka kurudisha ile springi moja, amepata kazi ya kubeba mbegu za miwa. Nilivuta pumzi nianze kubisha, akaniwahi.

"Ile fito," akasema. "Napima kutoka wapi hadi wapi?"

Nikamwambia kutoka chasi hadi ekseli, gari likiwa tupu, limesimama pahali bapa, kabla fundi hajagusa kitu.

"Ngoja nitoe kalamu," akasema.