Jirani wa Chini ya Mto: Funzo Kutoka Mji wa Pontypridd



Kila sifa njema ni ya Allah (Subhaanahu wa Taala), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), jamaa zake na maswahaba wake wote. Ama baada ya hayo, ndugu wasomaji, wazazi na wanafunzi, leo tunapenda tuzungumze habari za mji mmoja mdogo wa Wales uitwao Pontypridd. Huenda baadhi yenu mkauliza, sisi tunaoishi Mbale, chini ya Mlima Elgon hapa Uganda, tunahusiana nini na mji wa Wales? Tunahusiana, na uhusiano wenyewe upo katika mvua, mito na miti tunayoiona kila siku.

Pontypridd ina watu wapatao 30,000. Iko kaskazini ya Cardiff, mahali ambapo mto Rhondda unaingia katika mto Taff. Jina la mji limetokana na daraja, kwani neno "pont" kwa lugha ya Kiwelisi ni daraja. Mwaka 1746 fundi mmoja aitwaye William Edwards, ambaye pia alikuwa mkulima na mhubiri wa kanisa lao, alipewa kazi ya kujenga daraja hapo, naye akaidhamini kazi yake kwa miaka 7. Haikupita miaka mingi mafuriko yakalibeba. Kwa kuwa alikwisha toa ahadi, akajenga tena kwa gharama yake. Nalo likaanguka likiwa bado katika ujenzi. Akajenga tena, mawe ya pembeni yakawa mazito mno na katikati pakafumuka. Mara ya mwisho aliacha matundu makubwa matatu kila upande ili kupunguza uzito, na mwaka 1756 daraja likasimama. Lipo hadi leo, upinde mmoja wa mawe wenye upana wa mita 43 hivi kuvuka mto.

Tumeanza na habari hii kwa sababu mji ule wote unafanana na daraja lake. Unaharibiwa na maji, unatengenezwa, unaharibiwa, unatengenezwa tena.

Tazameni bustani yao kubwa iliyo kando ya mto Taff, iitwayo Ynysangharad. Ilifunguliwa mwaka 1923 kuwa kumbukumbu ya watu wao waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1927 wakajenga humo bwawa la kuogelea la wazi, likatumiwa na watoto wa wachimba makaa ya mawe kwa miaka mingi, kisha likafungwa mwaka 1991. Vijana wa kizazi kizima walikua wakilipita likiwa gofu. Wakazi hawakuacha kulizungumzia, na mwaka 2015 likafunguliwa upya baada ya matengenezo ya zaidi ya pauni milioni 6. Katikati ya mji nako, jengo la maduka la zamani lilivunjwa, na mwaka 2020 pakafunguliwa majengo mapya yaitwayo Llys Cadwyn, yenye maktaba ya mji na ofisi, kando ya mto huo huo.

Mwezi Februari mwaka huo huo wa 2020 ikaja dhoruba iliyopewa jina la Dennis. Mto Taff ukapanda kuliko ulivyowahi kupimwa pale mjini. Maji yakaingia madukani, majumbani na katika lile bwawa lililotengenezwa kwa fedha nyingi. Katika bonde la Rhondda, sehemu ya lundo la kifusi cha machimbo ya zamani iliporomoka kutoka mlimani pale Tylorstown hadi bondeni. Watu wa Wales wanapoona kifusi kikiteremka mlimani hukumbuka Aberfan, kijiji kilicho juu kidogo ya Pontypridd kwenye mto huo huo. Tarehe 21 Oktoba 1966 lundo la kifusi liliifunika shule ya pale asubuhi, wakafa watu 144, na 116 kati yao walikuwa watoto.

Baada ya dhoruba ya Dennis watu walitoka na mifagio na koleo wakasafisha maduka ya majirani zao. Miaka minne baadaye, Agosti 2024, bustani ile ile ikapokea Eisteddfod ya Taifa, tamasha lao kubwa la mashairi, nyimbo na ngoma, linaloendeshwa kwa Kiwelisi. Mara ya mwisho tamasha hilo kufanyika Pontypridd ilikuwa mwaka 1893. Katika eneo lile ni mtu 1 tu kati ya 8 hivi anayezungumza Kiwelisi, lakini kwa siku 8 lugha ya mababu zao ilitawala kando ya mto. Wazazi wanaohangaika kuwafanya watoto wao waendelee kusema lugha ya nyumbani wataelewa uzito wa jambo hili.

Miezi mitatu tu baadaye, Novemba 2024, ikaja dhoruba ya Bert na mto ukafurika tena. Wakazi waliteka maji kwa ndoo kuyatoa majumbani, na wengi walilalamika kwamba onyo lilikuja limechelewa. Kwa hiyo msidhani tunawasimulia habari za mji uliokwisha kamilika. Ni mji unaosumbuka kama wetu, ila watu wake hawajachoka kuutengeneza.

Sasa tuje kwenye uhusiano wetu. Mwaka 2005 watu wa Pontypridd na vitongoji vyake walianzisha umoja uitwao PONT, yaani Daraja, wakajiunganisha na Mbale na wilaya zake. Kupitia uhusiano huo zilipatikana pikipiki za kubebea wagonjwa, ambazo humfikisha mama mjamzito kituo cha afya kutoka vijiji ambavyo gari haliwezi kupanda. Kisha likaja jambo la miti. Kwa msaada wa serikali ya Wales, vikundi vya hapa Mbale vilianzisha vitalu na kuwagawia wakulima miche bure, na kufikia mwaka 2019 miche milioni 10 ilikuwa imekwisha gawiwa. Aidha, tangu mwaka 2008 kila mtoto anayezaliwa Wales alipandiwa mti kwao, na kuanzia mwaka 2014 ukaongezwa mti wa pili huku Uganda. Maana yake ni kwamba baadhi ya miti inayoshika udongo juu ya vichwa vyetu ilipandwa kwa ajili ya watoto wachanga wasioijua Mbale.

Sisi wenyewe tunajua kwa nini miti hiyo inahitajika. Mwezi Machi 2010 mlima uliporomoka Bududa na kufukia vijiji. Mwaka 2018 yakatokea tena. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022 mto Nabuyonga na mito mingine ilifurika hapa mjini, na zaidi ya watu 20 wakapoteza maisha. Inna lillahi wa inna ilayhi raaji'uun. Tuliokuwepo tunaikumbuka sauti ya maji gizani, na tunakumbuka asubuhi yake, watu wakitafutana kwa majina kandokando ya mto.

Ndugu zetu, maji hayaanzi mtoni. Yanaanza juu, kwenye shamba lililokatwa miti yote, na yanakuja hadi kwenye mtaro uliojaa mifuko ya nailoni. Aliye juu akifanya atakavyo, anayelipa ni aliye chini. Mtume (SAW), katika hadithi iliyopokewa na Nu'man bin Bashir (RA) na kuandikwa na Imam Bukhari, alitupigia mfano wa watu waliopanda jahazi moja, baadhi juu na baadhi chini. Wa chini wakataka kutoboa sehemu yao ili wapate maji bila ya kuwasumbua wa juu. Wakiachwa wataangamia wote, na wakizuiwa wataokoka wote. Mlima wetu na mji wetu ni jahazi moja, na matundu yanatobolewa juu na chini.

Tumefundishwa pia kwamba Muislamu akipanda mti, kisha akala humo mtu, ndege au mnyama, basi ni sadaka kwake. Na kuondoa kinachodhuru njiani ni katika matawi ya imani. Haya twayasikia kila mara katika darsa, na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kiislamu, ambacho kipo hapa Mbale tangu mwaka 1988, huyasoma kwa dalili zake. Yanangoja mikono.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu ambayo familia yoyote inaweza kuyafanya.

Kwanza, kila mtaa uliotuzunguka uwe na siku moja ya mwezi ya kuzibua mitaro, hasa kabla ya mvua kubwa. Tuwaalike majirani wote, Waislamu na wasio Waislamu, kwani haki ya jirani haikufungwa kwa dini yake, na maji nayo hayaulizi dini ya mtu.

Pili, mtoto akizaliwa, familia ipande mti, na mtoto akikua akabidhiwe aumwagilie. Hatusemi kuwa kupanda mti ni sehemu ya akika, la. Akika ina sunna yake. Mti ni sadaka ya kawaida, na kama watu wa mbali wamewapandia watoto wao miti katika ardhi yetu, sisi wenyeji tuna haki zaidi ya kuwapandia wetu.

Tatu, wanafunzi waliosoma uhandisi, kilimo na afya wawaeleze wazee wetu kwa lugha nyepesi: wapi pasijengwe kando ya mto, mti gani unashika udongo, na familia ikimbilie wapi maji yakipanda usiku. Kila nyumba ijue njia yake kabla ya siku ya haja, na mgonjwa na mzee wa jirani wasisahauliwe.

William Edwards aliidhamini kazi yake kwa miaka 7, na daraja limedumu zaidi ya miaka 260. Sisi tumepewa amana kubwa kuliko daraja, nayo ni ardhi hii na watu wanaoishi juu yake na chini yake, na tutaulizwa juu ya amana hiyo.

Tunamuomba Allah awarehemu waliofariki katika mafuriko na maporomoko, awape subira waliobaki, aijaalie mvua yetu kuwa ya rehema na isiwe ya adhabu, na atupe nguvu ya kusimama na majirani zetu. Aamiin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.