Rukaaga na Kakaaga

Huko Murongo, ambako mto Kagera watenga Tanzania na Uganda, bibi mmoja alikuwa akiuza maharage, na mjukuu wake akimwandikia hesabu. Akaja mnunuzi kutoka Kikagati, ng'ambo ya mto. Bibi akamtajia bei kwa shilingi za Uganda: kakaaga. Kijana akaandika 600. Mnunuzi alipotoa noti ya shilingi 10,000, kijana akaanza kuhesabu chenji ya 9,400. Bibi akamshika mkono.

Kosa lilikuwa la silabi moja tu. Katika Kinyankore, kilicho jamaa wa karibu wa Kinyambo, makumi hutajwa kwa wepesi hadi hamsini: makumi abiri, makumi ashatu, na kuendelea. Ifikapo sita, njia hubadilika. Sita ni mukaaga, sitini ni nkaaga, 600 ni rukaaga, 6,000 ni kakaaga. Mzizi ni ule ule. Kiambishi ndicho kibebacho sifuri. Na ajabu ni kwamba ka-, ambacho kwingine hudunisha, kama katika akaana, yaani kitoto, hapa ndicho kinachobeba maelfu!

Kijana asilaumiwe. Shuleni alizoea kusema mia sita na elfu sita, ambapo neno la sita hukaa vile vile na ukubwa hutajwa kando. Hata hiyo sita ni ya kuazima: Kiswahili kilipata sita, saba na tisa kutoka Kiarabu. Zamani Waswahili walisema mtandatu kwa sita, na kenda kwa tisa. Nane haikung'olewa, na ndiyo maana twasema watu wanane lakini watu sita. Basi Mswahili wa kale asemaye kenda hutaja 9, na Mnyankore asemaye kenda hutaja 9,000. Lau wawili hao wangekutana sokoni, mmoja angerudi nyumbani na majuto.

Bibi hakuyajua hayo ya viambishi, wala hakuyahitaji. Alirudia tu polepole, rukaaga, kakaaga, mpaka mjukuu akayasikia kuwa maneno mawili. Kijana akayaandika yote mawili pembeni mwa daftari, akafuta 600, kisha akampa mnunuzi shilingi 4,000.