Sanduku la Mapambo na Haki ya Warithi

Katika nyumba zetu za pwani mna vyombo ambavyo watu huvipita kila siku bila ya kuvitazama, na thamani yake haiulizwi mpaka mwenyewe amekwisha fariki. Kimoja katika hivyo ni sanduku la mapambo la Kiingereza la zamani. Tumeona heri kulizungumza, kwa kuwa tuliitwa kusimamia mirathi ambayo sanduku la namna hiyo lilikuwa karibu kuwafarikisha ndugu watatu wa tumbo moja.

Kwanza tulieleze lilivyo. Masanduku haya yalitengenezwa Uingereza katika karne ya 19 kwa ajili ya matajiri, waliosafiri na watumishi wa kuwachukulia mizigo. Nje ni mbao ngumu zilizong'arishwa, na pembe zake aghalabu zimefungwa shaba. Ukiinua kifuniko, upande wake wa ndani una kioo cha kujitazamia. Na chini mna sinia ya mahameli yenye matundu yaliyokatwa kwa kipimo cha kila kichupa, hata kila kimoja kikakaa mahali pake wala kisicheze. Vichupa ni vya kioo kizito kilichochongwa, hiki cha marashi, hiki cha poda, hiki cha mafuta ya nywele, na vifuniko vyake ni vya fedha. Mengi yake yana pia droo ya siri, haifunguki ila kwa kuvuta kijiti cha shaba kilichofichwa pembeni. Jambo hilo si geni kwetu, maana makasha ya bibi zetu nayo yalikuwa na vificho.

Na fedha hiyo haijulikani kwa kung'aa kwake, bali kwa alama zilizopigwa juu yake. Simba anayetembea, ameinua mguu mmoja wa mbele, maana yake ni fedha halisi ya Kiingereza, sehemu 925 katika 1000. Kichwa cha chui ni alama ya mji wa London, na nanga ni ya Birmingham, ambako upimaji ulianza mwaka 1773. Iko na herufi moja ya mwaka, iliyobadilishwa kila mwaka. Na ukiona kichwa cha mfalme au malkia, hiyo ni alama ya ushuru uliolipwa tangu 1784 hata 1890. Lakini ukikuta herufi EPNS, basi hiyo si fedha. Ni madini mengine yaliyopakwa fedha juu.

Sasa turejee kwa mirathi yetu. Marehemu alikuwa mama mshonaji, mtu mnyamavu, mwenye kuchunga swala zake. Sanduku alipewa mwaka 1963 na bibi mmoja wa Kizungu aliyemshonea nguo, alipokuwa akirejea kwao. Aliacha wana wawili wa kiume na binti mmoja. Mumewe na wazee wake walikwisha tangulia. Basi mafungu yalikuwa matano: kila mwana mawili, na binti moja.

Tulipoanza kuandika vyombo, mwana mkubwa alisema, "Maalim, hilo sanduku ni mambo ya kike, mpeni dada yetu, sisi hatuna haja nalo." Lakini siku ya pili alikuja sonara, akavitazama vifuniko, akakuta simba na kichwa cha malkia. Akavipima vyote vinane, vikatoka tola 14, akataka kuvinunua kwa uzani avisubu. Hapo maneno yakageuka. Wana wa kiume wakasema sanduku liuzwe, na binti akalia, akasema, "Maalim, mama alinambia tangu nikiwa mdogo kwamba hili ni langu."

Tukamwuliza, "Je, mwanangu, alikukabidhi?" Akainama kwa muda. Hapakuwa na shahidi wa kumkadhibisha. Lau angalisema ndiyo, nani angalijua? Kisha akasema, "La, Maalim. Ufunguo alilala nao chini ya mto mpaka siku aliyofariki."

Kwa neno hilo alijitolea hoja mwenyewe, kwani katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi hiba haitimii ila kwa kukabidhiwa mpokeaji katika uhai wa mtoaji. Sanduku likawa mali ya warithi wote. Tukalifungua mbele yao watatu, na droo ya siri pia, maana ndani ya kificho huenda ikawamo karatasi ya deni au amana, na deni hutangulia mirathi. Hamkuwamo ila vifungo vya nguo.

Lakini kuwa mali ya wote si lazima livunjwe. Tukawaeleza kwamba vifuniko vyote vilikuwa na herufi moja ya mwaka, yaani vilitengenezwa pamoja. Na sanduku kamili hutafutwa na watu kwa ukamilifu wake, ambapo vifuniko vilivyosubiwa ni fedha tu. Wajuzi wawili wakalikadiria zima, na bei yake ikawa chini ya fungu la binti. Basi akalitwaa kwa haki yake, akaongezewa kilichobaki. Yule ndugu mkubwa alipoona kwamba dada yake amesema kweli dhidi ya nafsi yake, alimwomba radhi mbele yetu.

Binti aliuliza tena juu ya kuvitumia vichupa. Mtume, rehema na amani zimshukie, amekataza kula na kunywa katika vyombo vya dhahabu na fedha, na wanavyuoni wetu wameingiza humo matumizi mengine, hata kichupa cha wanja, kwa mwanamume na mwanamke. Ama chombo cha kitu kingine kilichotiwa kipande cha fedha, wametazama ukubwa wa kipande, na kama ni kwa haja au kwa pambo tu. Binti aliona salama yake ni kutovitia uturi, akaviweka kwa kumbukumbu ya mama yake.

Enyi wazee, mkitaka kumpa mtoto kitu, mpeni mngali hai, akishike mkononi mwake, na mashahidi waone. Wala msiwasahau watoto wengine, kwani tumeamrishwa uadilifu baina yao. Nanyi vijana, msikiuze chombo cha marehemu kabla hamjakijua, wala msikitwae kabla hakijagawanywa. Mwenyezi Mungu atujaalie wenye kusema kweli hata pale inapotupunguzia. Amin.