Mzigo Hufichua

Gari haligutuki bure, kama mwili usivyotetemeka bila sababu. Mtu akanyagaye mafuta akapata mishtuko badala ya mwendo amepewa habari. Habari hiyo ni faida kwa asikiaye, na hasara kwa apuuzaye. Dalili ya mvua ni mawingu.

Palikuwa na dereva mmoja mwenye pikapu kuukuu ya petroli, iliyowalisha watoto wake kwa kuchukua vitunguu kutoka Ruaha Mbuyuni kwenda Iringa. Katika tambarare gari lilikwenda kwa utulivu; katika mlima wa Kitonga liligutuka, likalegea, likagutuka tena. Siku moja alitoka upande wake kulipita lori lililokuwa likitambaa. Nguvu ilikatika katikati, na lori jingine likatokea kwenye kona likiteremka. Aliponea chupuchupu. Jioni ile mikono yake ilitetemeka hata kikombe cha chai hakikushikika.

Fundi wa kwanza hakuuliza neno. Alimwuzia plagi nne mpya, akapokea fedha. Mlima ulipofika, mishtuko ilirudi. Fundi wa pili, mzee wa makamo, alianza kwa maswali. Hugutuka likiwa baridi au likiisha kupata moto? Likiwa tupu au na mzigo? Klachi hushika, au injini hunguruma bure bila mwendo kuongezeka? Kisha alieleza kwamba injini ya petroli huishi kwa vitu vitatu: hewa, mafuta na cheche, na kila kimoja hutakiwa kifike kwa kadiri yake na kwa wakati wake. Gari lisimamapo, kidogo hutosha. Lipandapo mlima, kidogo huwa njaa.

Basi akaitafuta njaa hiyo kwa utaratibu. Usiku alifunua boneti akatazama nyaya za plagi gizani; hakuona cheche iliyotoroka. Alipapasa mipira ya hewa; haikuwa na ufa. Mwisho alifungua chujio la petroli, akamwaga yaliyomo juu ya kitambaa cheupe. Kitambaa kilijaa kutu na mchanga.

“Petroli wanunua wapi, mwanangu?”

Dereva aliinamisha kichwa. “Ya madumu, mzee, kando ya njia. Bei yake rahisi.”

Siri hiyo hakumwambia fundi wa kwanza, wala fundi wa kwanza hakuitaka. Mficha maradhi, kilio humfichua. Tangi lilioshwa kwanza, ndipo chujio jipya likatiwa. Maana chujio safi mbele ya tangi chafu ni mgonjwa wa kesho.

Magari ya siku hizi yana kompyuta, na kipo chombo cha kuisoma, kikataja silinda isiyowaka vema. Lakini kutaja mahali pa maumivu si kutaja ugonjwa. Silinda hiyo yaweza kuwa imekosa cheche kwa plagi au koili, au imekosa mafuta. Kuuliza bado ni kazi ya fundi, na kusema kweli bado ni wajibu wa mwenye gari.

Dereva alipanda Kitonga tena na magunia yake, na gari halikugutuka. Mbele yake lori lilitambaa. Sasa alikuwa na nguvu ya kulipita. Akakaa nyuma yake mpaka mlima ukaisha.