Oman: Huko utakanyaga tumbo la dunia

Je, msomaji, umewahi kujiuliza kuna nini chini ya nyayo zako, chini kabisa kuliko kisima chochote kilichowahi kuchimbwa?

Wanasayansi wamejaribu kwenda kujionea. Wamarekani walianza kutoboa sakafu ya bahari mwaka wa 1961, lakini mradi huo ulivunjwa mwaka wa 1966 kabla ya kufika ulikokusudiwa. Nao Wasovieti walichimba shimo huko Kola hadi wakafikia mita 12,262 mwaka wa 1989. Joto likawashinda.

Lakini ipo nchi ambayo huhitaji hata jembe. Ni Oman, nchi ya wale mabaharia walioitwaa Fort Jesus kule Mombasa mwaka wa 1698. Huko, kilichokuwa chini kimekuja juu chenyewe.

Ukifika Muscat utaviona vilima vya rangi ya kahawia iliyokolea, karibu nyeusi, vikiuzunguka mji mkongwe na bandari ya Mutrah. Havina miti wala nyasi. Mgeni huvipita mbio akielekea sokoni, ambako si ajabu kusikia Kiswahili cha Unguja kikisemwa na wauza vitambaa. Usivipite. Simama uvitazame.

Chukua mfano wa yai. Dunia ina ganda, ina ute na ina kiini. Sisi tunaishi juu ya ganda. Sehemu iliyo mahali pa ute huitwa mantili, ila si majimaji kama ute wa yai. Ni mwamba mgumu, wenye joto kali, na ndiyo sehemu kubwa kuliko zote za dunia. Vile vilima vyeusi ni kipande cha mantili.

Kilifikaje juu? Miaka milioni 95 hivi iliyopita palikuwa na bahari iitwayo Tethys. Sakafu yake ilipoanza kusukumwa kuelekea Arabuni, kipande kimoja hakikuzama chini ya bara kama ilivyo desturi. Kilipanda juu yake, ganda la bahari pamoja na mantili iliyolibeba. Leo kipande hicho ni safu ya milima yenye urefu wa kilomita 500 hivi, na wataalamu wamekiita kwa jina la mji wa Samail.

Jiwe lenye ngozi ya nyoka

Shika barabara ya kutoka Muscat kwenda Nizwa, mwendo wa kilomita 160 hivi, inayopita katikati ya milima hiyo. Shuka kwenye bonde lolote uokote jiwe lililovunjika. Nje ni la kahawia, lakini ndani utakuta kijani, tena lina michirizi na mng'ao kama ngozi ya nyoka. Ndiyo maana likaitwa sapentini, kutokana na neno la Kilatini la nyoka.

Halikuzaliwa hivyo. Mantili imejaa madini yaitwayo olivini, ambayo yamezoea joto na mgandamizo wa huko chini. Yakifika karibu na uso wa dunia yakutane na maji, hayastahimili. Maji hupenya kwenye nyufa na kuwa sehemu ya jiwe lenyewe. Katika kila kilo 100 za sapentini, karibu kilo 13 ni maji.

Jiwe lililokunywa maji hufura. Likifura hupasuka, na nyufa mpya hukaribisha maji mengine. Wakati huo huo chuma kilichomo hunyang'anya maji oksijeni, kama msumari unaoshika kutu, na haidrojeni ikabaki huru. Mabadiliko haya, ambapo mwamba hugeuka bila kuyeyuka, ndiyo wanajiolojia wanayoyaita mageuko ya miamba. Jiwe hilo likirudishwa kwenye joto kali, hutema maji yake yote.

Tahadhari moja: ukiona nyuzi nyeupe laini kama pamba ndani ya jiwe, usizikwangue. Hiyo ni asbesto, na vumbi lake ni adui wa mapafu.

"Usinywe, mwanangu"

Katika baadhi ya mabonde hayo utakuta vidimbwi vya buluu vyenye utando mweupe juu. Baada ya saa nyingi za jua kali, utatamani kuinama unywe. Dereva wangu, mzee aliyezaliwa Unguja, aliniwahi: "Usinywe, mwanangu. Tia kidole tu."

Nilitia. Maji yaliteleza kama ya sabuni. Ni maji yaliyokaa muda mrefu ndani ya mwamba hadi yakawa makali kama magadi, na kutoka chini yake viputo vya haidrojeni huibuka. Ule utando mweupe nao ni chokaa. Maji hayo yanapokutana na hewa huifyonza gesi ya kaboni na kuigeuza jiwe papo hapo.

Hapo ndipo penye shughuli. Gesi hiyo ndiyo moshi wa viwanda na magari yetu unaoipasha dunia joto. Wataalamu waliopima mwaka wa 2008 walikadiria kwamba milima ya Oman humeza kati ya tani 10,000 na 100,000 za gesi hiyo kila mwaka. Binadamu hutoa zaidi ya tani bilioni 35. Ni kibaba kwa ziwa.

Swali ni kama mwamba unaweza kuharakishwa. Kati ya 2016 na 2018 wanasayansi wa mataifa mengi walichimbua zaidi ya kilomita 3 za mawe huko, wakayachunguza ndani ya meli ya Kijapani iitwayo Chikyu. Kampuni ya Oman iitwayo 44.01, inayopeleka gesi hiyo chini ya ardhi igeuke jiwe, ilipata Tuzo ya Earthshot mwaka wa 2022.

Si jambo la Waarabu peke yao. Mwaka huo huo wafugaji wetu wa kaskazini walikuwa wakizika mifugo baada ya mvua kukosekana misimu 5 mfululizo.

Nasi tunayo mawe ya ukoo huo. Yapo Sekerr katika Pokot Magharibi, na Baragoi kule Samburu, mabaki ya bahari iliyofungika zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Mwanao akikuletea jiwe la kijani kutoka huko, usimwambie alitupe. Mwambie hilo ni tumbo la dunia, na limekunywa maji.