Pingili za Olenellus

Sisi ni watatu: mmoja wa Ibra, mmoja wa Sur, mmoja wa Nizwa. Kiswahili chetu ni cha nyumbani. Tunaweza kuomba chai, kugombana na kuombana radhi, basi. Tulipojitolea kuzungumza klabuni juu ya Olenellus thompsoni, mnyama tuliyemsoma katika jiolojia, tulikwama kwenye sentensi ya kwanza.

Huyu ni trilobiti wa zama za mwanzo za Kambria, zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. James Hall alimweleza mwaka 1859 kutokana na mawe ya Vermont, Marekani. Oman nako trilobiti wapo, lakini wale wa Huqf, kusini ya Sharqiyah, alioandika habari zao Richard Fortey mwaka 1994, ni wa mwisho wa Kambria.

Ijumaa tukampelekea picha bibi wa mwenzetu wa Ibra, mzaliwa wa Unguja. Tukamwamkia, akavaa miwani.

"Mdudu gani huyu? Ana pingili kama muwa."

Tukatazamana. Neno hilo tulilitafuta wiki nzima! Tukazihesabu pamoja. Pingili ya tatu kutoka kichwani ni kubwa kuliko jirani zake, na hiyo ni alama yake mojawapo. Macho yake yaliyopinda bibi aliyaita mwezi mwandamo. Nasi tukamweleza kwamba jina trilobiti maana yake sehemu tatu: si kichwa, kifua na mkia, bali mikanda mitatu ya urefu, mmoja katikati na mmoja kila ubavu.

"Na akikua, gamba analivua vipi?"

Tukamwambia kuwa trilobiti wengi wana mshono juu ya uso, unaoachia wanapojivua. Olenellus hana. Kwa sababu hiyo huwekwa katika kundi la Olenellina, ndani ya oda ya Redlichiida. Gamba lake lilifunguka kwa chini, ukingoni mwa kichwa.

"Kama kanzu inayofumuka kwenye pindo," akasema bibi.

Miaka yote tulidhani Kiswahili hakina maneno ya masomo yetu. Kumbe tulikuwa tunamwamkia bibi, tunakula, tunaondoka.

Siku ya mazungumzo alitusikiliza kwa simu. Alitusahihisha mara mbili, zote kwa neno lile lile: moja ni pingili yake, nyingi ni pingili zake.